Nimeunga maduka mawili ya mtandaoni kwenye programu moja ya oda, na haya ndo yalonikuta

Kwanza nijieleze kidogo mjue naongea kutoka wapi. Mie na dada yangu tunauza viungo na sabuni za mwani, mie nipo Mlandege, dada yupo Wete, na binamu yetu yupo Uingereza. Duka letu la hapa ni WooCommerce, yaani websaiti ya kawaida ya WordPress imewekewa kikapu juu yake, wateja wake wengi wa hapahapa Unguja na Pemba na kidogo Dar. Binamu naye kafungua duka la Shopify, yaani huduma ya kukodi duka la mtandaoni, huko huko kwa jina lake, anauza makapu ya futari kwa ndugu zetu walioko nje: mtu yuko London analipa kwa pauni, sisi huku tunafunga kapu tunampelekea mamaake Ng'ambo au Pemba. Na hili ni kapu la kweli la ukili, sio vile vikapu vya kwenye skrini. Ndani tende, tambi, hiliki, mdalasini, unga wa uji, na kipande cha sabuni kwa ajili ya bi mkubwa mwenyewe.

Sasa maduka ni mawili lakini mzigo ni mmoja, upo chumba changu cha nyuma. Mwaka juzi tulikuwa tunaendesha kwa daftari na grupu la WhatsApp, binamu akiuza anaandika "limetoka moja", mie nikiuza nakata kwenye daftari, sasa kuna siku mie nilikuwa nafuturisha wageni simu nimeiacha ndani, yeye anauza tu. Chungu cha nne, yaani siku ya nne ya Ramadhani, tukajikuta tumeuza makapu sita ambayo hatuna tende zake, na tende za aina ile Darajani nzima zishaisha. Binamu akarudisha pauni za watu na makato kayabeba yeye. Tukasema mwakani hatufanyi tena hivi.

Ndo nikatafuta programu ya kusimamia oda. Jina lake siliweki hapa, kwa sababu mengine yalonikuta ni makosa yangu na mengine yao, sitaki kumharibia mtu riziki. Kazi yake inakaa katikati, inavuta oda za maduka yote mawili kwenye orodha moja, stoki ikipungua huku inapunguza na kule, na inakutolea karatasi ya kubandika kwenye mzigo. Tunalipa dola 29 kwa mwezi, kulikuwa na ya bei rahisi zaidi lakini ile haielewi kwamba kapu moja likiuzwa zimetoka tende paketi mbili na tambi moja na hiliki moja, inahesabu kapu ni kapu tu, sasa kwa sisi hiyo ni sawa na kutokuwa nayo.

Tangazo lao linasema kuunga duka ni dakika tano. Sikatai, dakika tano ni kweli! Shopify unaandika ile anwani ya duka inayoishia na myshopify.com, inakupeleka kwenye duka lako, unakubali, kwisha habari, binamu kaifanya kwa simu akiwa ndani ya basi. WooCommerce inataka mkono kidogo, unaingia Settings, halafu Advanced, halafu REST API, yaani mlango wa programu nyengine kuingilia dukani, unatengeneza funguo, zinatoka mbili, moja inaanza na ck_ na nyengine cs_, unazinakili unakwenda kuzibandika kwenye programu. Zote mbili unaonyeshwa nzima mara moja tu, ukiondoka kwenye ukurasa kabla hujazinakili basi utengeneze upya, mie nimetengeneza mara tatu maana kila nikitaka kunakili simu inaita. Lakini kuunga na kufanya kazi ni mambo mawili mbalimbali, na hilo ndo hasa nlotaka kulisema, kwa sababu dakika tano zao mie zimenichukua karibu wiki tatu.

Nlipotengeneza funguo niliulizwa ruhusa, nikajifanya mwerevu nikachagua "Read", yaani isome tu isiandike, nikasema hawa siwajui nisiwape nyumba nzima. Oda zikaanza kuingia kwenye programu, nikafurahi. Lakini stoki ya WooCommerce haiguswi, binamu anauza Shopify huku kwangu namba ziko palepale, kumbe programu inajua lakini haina ruhusa ya kuja kuandika. Nikawauliza, wakanijibu usiku maana mchana wao ndo usiku wetu, badilisha iwe "Read/Write". Nikabadilisha saa tano usiku nikalala.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya vunjajungu, ile ya mwisho kabla ya kufunga Ramadhani. Nimeamka nakuta meseji kumi na kitu, "mbona duka limeisha vitu?", "dada mmefunga?" Nafungua websaiti, bidhaa zote 43 zimeandikwa zimeisha. Zote wallahi, mpaka bizari ambayo nina gunia zima nimelikalia. Kumbe ndani ya programu kuna sehemu ya kuchagua nani mkubwa kwenye mambo ya stoki, duka au programu, na wao wamekuja nayo imeshachaguliwa programu ndo mkubwa. Programu mpya haina kitu, kila bidhaa ina sifuri, sasa nlipoipa ruhusa ya kuandika ikaenda kuandika kile inachokijua. Sifuri, sifuri, sifuri. Ule uwoga wangu wa "Read" ndo ulokuwa unanilinda siku zote zile bila mie kujua!

Hapa siwasamehi. Programu inayounganishwa na duka lenye vitu iulize kwanza, isiandike sifuri juu ya namba za mtu. Nlichoponea ni daftari, lile lile tulolitukana mwaka juzi, nikakaa na mtoto wa dada anasoma mie naandika mpaka adhuhuri. Kwa hiyo ukiunga, kabla hujatoa ruhusa ya kuandika, kaweke duka liwe mkubwa, livute namba zako kwanza, halafu ndo ugeuze ukitaka. Na chukua nakala ya orodha ya bidhaa zako, WooCommerce ina kitufe cha kuitoa yote kwenye faili moja.

Upande wa binamu nako kulikuwa na mkasa wake mdogo, Shopify inaweka stoki kwa mahali, na programu ikashika mahali palipokuwepo tangu mwanzo yaani nyumbani kwake, ambako hakuna hata punje ya pilipili manga. Tukaongeza mahali pengine tukapaita Mlandege, ikakaa sawa.

Sasa njoo kwenye SKU, yaani ile kodi ya herufi na namba unayoipa kila bidhaa, hii ndo roho ya yote. Programu haijui kama "Karafuu gramu 50" ya kwangu na "Zanzibar cloves" ya binamu ni kitu kimoja, inachotazama ni ile kodi tu, zikilingana herufi kwa herufi inaziunga, zisipolingana inakuwekea bidhaa mbili na kila moja na stoki yake. Kati ya 43 zikagoma tisa. Nimezitazama naona ziko sawa kabisa, KRF-50 huku, KRF-50 kule, nimekodoa macho mpaka yakaniuma, mwisho nikaweka kidole mwisho wa neno, kimstari kikasimama mbali kidogo na sifuri. Kuna nafasi! Mtu kaandika KRF-50 akagonga nafasi moja mbele ndo akahifadhi. Na mtu mwenyewe ni mie.

Ile ya sabuni ikawa kichekesho, nampigia dada Wete:

"Dada, hebu nisomee ya sabuni ya mwani ulivyoiandika."

"Emu, dabliu, eni, kistari, o, moja."

"O au sifuri?"

"Si ndo hiyo hiyo, mdogo wangu."

Basi ndo hivo, yeye kaweka herufi O, mie nimeweka sifuri. Tulivyomaliza kuzisawazisha zote ikawa kama umewasha taa, binamu anauza kapu kule saa nne usiku mie natazama namba ya tende inashuka huku peke yake. Hapo nikasema sawa, dola 29 nimeziona.

Jambo jengine lilonisumbua ni malipo. Watu wetu wengi wanalipa kwa simu halafu wanatuma meseji ya muamala, sasa aliyetutengenezea websaiti alichukua ile njia ya malipo ya benki akaibadilisha jina tu ikawa "Lipa kwa simu". Kwa mteja haina tatizo. Lakini oda ya njia ile WooCommerce inaiweka "On hold" mpaka mwenyewe uthibitishe pesa, na programu ilikuwa imewekwa ivute oda za "Processing", yaani zilizo tayari kushughulikiwa, peke yake. Wale wanaolipa mzigo ukifika mlangoni wanaingia "Processing" moja kwa moja, kwa hiyo wanavutwa, na walolipa mapema hawavutwi! Yaani alolipa anasubiri na ambae hajalipa anapelekewa. Nikaingia kwenye mpangilio nikaweka tiki kwenye "On hold" nazo, saivi zinakuja zimepakwa njano, nikiona muamala nazithibitisha.

Halafu ikaja ile ya mwezi wa pili wa kutumia, Ramadhani ishapita, biashara nikaona imelala kabisa siku mbili, za Shopify zinaingia za hapa hata moja. Nikasema ndo hivo, watu wamemaliza pesa Idi. Siku ya tatu ananipigia bi mmoja wa Chake Chake, mtu mzima, ana upole kweli, "Mwanangu, mie nimelipa tangu juzi, mzigo wangu u wapi?" Nikaona aibu mpaka leo. Kufungua WooCommerce yenyewe nakuta oda 17 zimekaa zinanitazama.

Kilichotokea ni hivi. Kila oda ikiingia WooCommerce inapiga hodi kwenye programu, hicho kinachopiga hodi kinaitwa webhuku. Usiku mmoja programu ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, WooCommerce ikapiga hodi haijibiwi, na ilivyotengenezwa ni kwamba ikikosa jibu mara tano mfululizo inaizima webhuku yenyewe, kimya kimya. Asubuhi programu imewaka lakini hapana tena anaekuja kupiga hodi. Unaikuta hukohuko kwenye Advanced, sehemu ya Webhooks, imeandikwa "Disabled", unaigeuza "Active". WooCommerce siilaumu, mlango usiofunguliwa mara tano na wewe ungeondoka. Wa programu ndo niliowauliza, nyie mna funguo zangu mnaweza kuitazama ile webhuku wakati wowote, mumeshindwa nini kuniambia imezimika? Wakaniletea salamu na pole na kiungo cha kusoma. Kitu kizuri kuna kitufe cha kuvuta oda kwa nguvu, nikakibonyeza zikaja zote 17. Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya chai natazama "Active" kwanza.

Mengine ni madogo madogo ya kuudhi. Jumla ya mauzo inajumlisha pauni na shilingi pamoja kama machungwa na maembe, kapu la pauni 45 na oda ya shilingi 45,000 inaniambia nimeuza 45,045, kwa hiyo ile ripoti siitazami. Saa zake ziko nyuma yetu masaa matatu, na Ramadhani watu wananunua baada ya tarawehe mpaka daku, oda ya saa nane usiku inahesabiwa ya jana, mahesabu ya siku hayakai, mpaka dada alipogundua pa kubadilishia. Na anwani! Mkoa inauandika kwa kodi, kijana wetu wa vespa alishika karatasi akaniuliza, "Sista, hapa TZ06 ndo wapi?" Ni Kaskazini Pemba, baba. Websaiti inamuonyesha mteja jina la mkoa vizuri tu lakini kinachotumwa ndani ni hiyo TZ06, na programu inaichapisha hivohivo bila kuigeuza. Nishawaandikia mara mbili. Lakini sehemu ya maelezo ya mteja inaletwa nzima nzima na hiyo kwa kwetu ndo anwani yenyewe, "nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, muulize Bi Mkubwa", bila hiyo hakuna kinachofika.

Nyota nawapa tatu na nusu. Ile nusu ni ya dada, maana kwa mara ya kwanza anaona Wete kile ninachokiona Mlandege, hanipigii tena kuniuliza nini kimebaki. Ukiwa na duka moja na oda tano kwa wiki usijisumbue, daftari linatosha. Ukiwa na maduka mawili na mzigo mmoja, itafute, lakini wiki moja kabla ya kuunga kaa usafishe hizo SKU zako zote, na usiunge karibu na Ramadhani kama nilivyofanya mie.

Makapu 11 ya Pemba yako hapa mlangoni yanasubiri boti ya kesho, karatasi zimeshabandikwa, zote TZ06. Nimechukua kalamu nimeandika Wete kwa herufi kubwa juu yake.