Ruta ya GL-MT3000 yenye OpenWrt: miezi minane ya matumizi nyumbani Uyole

Ndugu watazamaji, habari zenu. Kifaa hiki nilichokishika mkononi, ambacho uzito wake haufiki gramu 200, ni ruta ya GL-MT3000 kutoka kampuni ya GL.iNet, na kwa miezi minane sasa ndiyo inayoongoza mtandao wa nyumba yetu hapa Uyole, Mbeya. Pembeni yake mnaona kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye memori ya gigabaiti 4, pamoja na diski ya SSD iliyochomekwa kwenye tundu la USB. Ninavichambua vyote viwili kwa pamoja kwa sababu nilivinunua kwa lengo moja, nalo ni kuwa na mtandao wa nyumbani unaoendelea kufanya kazi hata pale intaneti inapokosekana. Hicho ndicho kipimo changu leo, na kasi ya Wi-Fi, ambayo kwa kawaida ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, sitaigusa.

Wazo lenyewe lilinijia Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na huduma ya intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Binti yangu alikuwa na kazi ya shule ya kumalizia, na kila alichokihitaji kilikuwa ng'ambo. Lililonishangaza zaidi ni kwamba mimi na mke wangu, tukiwa tumekaa sebule moja, tulishindwa kutumiana picha kwa simu, kwa sababu programu tuliyoizoea huipeleka picha kwanza kwenye seva, yaani kompyuta za kutoa huduma, zilizo mbali ndipo irudi kwenye kiti cha pili. Wi-Fi ilikuwa inawaka na umeme ulikuwepo, lakini ndani ya nyumba hapakuwa na kitu chochote kinachojitegemea.

Tuanze na ruta. Ndani yake mna prosesa ya Cortex-A53 yenye viini viwili, memori ya megabaiti 512 na hifadhi ya megabaiti 256. Ina matundu mawili tu ya waya wa mtandao, moja la kupokea intaneti lenye uwezo wa gigabiti 2.5 na moja la kutoa lenye gigabiti 1, pamoja na tundu moja la USB 3.0. Haina sehemu ya kuweka laini ya simu, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua mapema. Ina feni ndogo ya kupooza, ambayo katika baridi yetu ya Juni na Julai huzunguka kwa nadra, ingawa vumbi la miezi ya kiangazi huingia kwenye matundu yake na linahitaji kusafishwa kwa brashi laini. Bei nyingi mtakazoziona mtandaoni hazijumuishi usafirishaji wala ushuru, kwa hiyo vijumlisheni vyote kabla hamjailinganisha na ruta za madukani Mwanjelwa.

Kilichonifanya niichague ni kwamba inakubali OpenWrt halisi, yaani programu endeshi huria inayochukua nafasi ya ile iliyokuja na kifaa. Asili ya OpenWrt ni ruta ya Linksys WRT54G iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2002. Wataalamu waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, programu endeshi huria ambayo leseni yake ya GPL inamtaka anayeisambaza atoe pia msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Msimbo huo ukatolewa mwaka 2003, na mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukaanza juu yake. Herufi WRT za ruta hiyo zimebaki mwishoni mwa jina la OpenWrt hadi leo.

Kwa mtumiaji wa nyumbani, faida kubwa ya jambo hili ni masahihisho ya usalama. Mnamo Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza kwamba programu haribifu iitwayo VPNFilter ilikuwa imeambukiza vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Ruta ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea masahihisho hubaki na nyufa zilezile mwaka hadi mwaka, na mwenye nyumba hana la kufanya. Mimi ninatumia toleo la 24.10 lililotoka Februari 2025, na masahihisho yake nimekuwa nikiyapata bila kumsubiri muuzaji yeyote. Kama mna ruta ya zamani mnayotaka kuibadilisha kwa njia hii, angalieni kwanza hifadhi na memori yake: vifaa vyenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za memori havitoshi tena kwa matoleo ya sasa, na ni afadhali kuacha kuliko kupoteza wikendi nzima.

Katika usakinishaji kuna mambo ambayo humfanya mtu aamini kwamba ameua kifaa, kumbe kizima. Ruta hii ikitoka kiwandani hufunguliwa kwa anwani 192.168.8.1, lakini ukishaweka OpenWrt halisi inahamia 192.168.1.1. Zaidi ya hapo, mara nyingi Wi-Fi huwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe, kwa hiyo unahitaji kompyuta na waya, kwani simu peke yake haitakufikisha. Wakati wa kupakia faili la OpenWrt, ondoa alama ya kuhifadhi mipangilio ya zamani, kwa sababu mipangilio ya GL.iNet na ya OpenWrt haiendani. Ukiingia, weka nywila ya msimamizi kabla ya jambo jingine lolote, kisha kwenye ukurasa wa Wi-Fi chagua nchi yako kuwa Tanzania, ili masafa na nguvu ya redio vifuate utaratibu wa nchi.

Hofu kubwa ya kazi hii ni umeme kukatika wakati programu mpya inaandikwa kwenye ruta. Hapa ruta hii ina sifa ninayoithamini sana: inatumia volti 5 na ampea 3 kupitia USB-C, kwa hiyo niliichomeka kwenye pawabenki wakati wa kusakinisha, na sikuwa na wasiwasi wowote. Hata kazi ikiharibika, ukibonyeza kitufe cha kurejesha huku ukiiwasha, na kompyuta ukaipa anwani 192.168.1.2, unapata ukurasa mdogo wa dharura wa kupakia faili upya.

Sasa nije kwenye jambo lililobadilisha maisha ya kila jioni nyumbani. Intaneti yetu huja kwa antena iliyo juu ya paa, na zamani simu moja ikianza kupandisha picha, mazungumzo ya video ya mke wangu na mama yake aliyeko Makambako yalikuwa yakikatikakatika, ingawa ukipima kasi ya intaneti unaona inatosha. Tatizo halikuwa kasi, ilikuwa foleni. Wanaoishi Mbeya wanaijua barabara ya TANZAM inapopita katikati ya jiji, jinsi bajaji yenye abiria mmoja anayekwenda hatua chache inavyokwama nyuma ya msururu wa malori yanayoelekea Tunduma. Vifaa vingi vya mtandao hupokea kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayokuja na kuipanga nyuma ya nyingine, hata foleni ikafika sekunde nzima au zaidi, na pakiti ndogo ya sauti husubiri nyuma ya shehena ya picha.

OpenWrt ina kifurushi cha kusimamia foleni kiitwacho SQM, na ndani yake mbinu ya CAKE, ambayo iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2018. CAKE hugawa zamu kwa kila kifaa na kila mazungumzo, hivyo bajaji hupita bila kuyasubiri malori yote. Masharti yake ni kwamba foleni lazima ikae ndani ya ruta yako, kwa hiyo unaiambia ruta itumie kasi iliyo chini kidogo ya ile halisi, kati ya asilimia 85 na 95. Unatoa sadaka sehemu ndogo ya kasi na kupata utulivu, na kwangu mimi biashara hiyo ina faida tupu. Hata hivyo, mwenye kutumia mtandao wa simu atapata shida kidogo, kwa sababu kasi yake hupanda na kushuka kutwa. Apime mara kadhaa nyakati za jioni, achukue kiwango cha chini, na aanzie hapo.

Kwenye ruta hiyohiyo ninaendesha AdGuard Home, ambayo huzuia anwani za matangazo na za ufuatiliaji kwa vifaa vyote vya nyumbani. Inapunguza matumizi ya bando, lakini haiwezi kuondoa matangazo ya video yanayotoka kwenye anwani ileile ya video yenyewe, na anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Niliiweka kwenye ruta badala ya kompyuta ndogo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na sikutaka kompyuta ikizimwa kwa matengenezo nyumba nzima ishindwe kufungua tovuti.

Huduma nyingine zote ziko kwenye Raspberry Pi. Nextcloud inahifadhi picha na nyaraka zetu, na sasa simu zote nyumbani hupeleka picha zake humo kupitia Wi-Fi bila kugusa intaneti. Jellyfin inaonyesha video za harusi na za kwaya kwenye televisheni, na inafanya kazi vizuri iwapo video imeshahifadhiwa katika muundo ambao televisheni inauelewa. Pi 4 ikilazimishwa kuibadilisha video papo kwa papo inaelemewa.

Inayonigusa zaidi ni Kiwix, mradi ulioanza mwaka 2007 kwa ajili ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Nimeweka Wikipedia ya Kiswahili, ambayo faili lake ni dogo, na ya Kiingereza yenye picha, ambayo inazidi gigabaiti 100. Zote mbili zinahitajika katika nyumba moja, kwa maana mdogo yuko shule ya msingi anakosoma kwa Kiswahili, na dada yake yuko sekondari anakosoma kwa Kiingereza. Tazameni: ninachomoa waya wa antena mbele yenu, taa ya intaneti imezimika, ninafungua makala ya Mlima Rungwe kwenye simu hii, na imefunguka pamoja na picha zake. Hiki ndicho nilichokikosa tarehe 12 Mei.

Kuzifikia huduma hizi ukiwa mbali ni kazi ngumu zaidi kuliko video nyingi zinavyoonyesha. Angalia anwani ya intaneti iliyoandikwa kwenye ruta: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine, na hakuna mlango utakaoufungua kwenye ruta utakaokuruhusu kuingia kutoka nje. Mimi nimekodi seva ndogo, na ruta huipigia yenyewe kwa WireGuard, programu inayounda njia ya siri kati ya vifaa, nami nikiwa Iringa ninaingia kupitia hapo. Msifungue ukurasa wa usimamizi wa ruta kwa dunia nzima kwa sababu ya urahisi wowote.

Kuhusu umeme, ruta na Pi kila kimoja kinahitaji kisichozidi wati 15, jumla wati 30. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50, ukitumia nusu yake tu ili isiharibike, ina wati-saa 300, yaani takriban saa 10 hata vikifanya kazi kwa nguvu zote, ukiacha kinachopotea kwenye kibadilishi cha umeme. Ninawasihi pia msitumie kadi ya memori kama hifadhi kuu ya seva. Umeme ukikatika ghafla, kadi huharibika upesi kuliko SSD.

Radi ni suala jingine, na watu wa nyanda hizi hawahitaji kuhadithiwa radi za kuanzia Novemba hadi Aprili. Ruta yangu ya awali iliungua tundu la kupokea intaneti kwa mshtuko ulioshuka na waya wa antena. Sasa waya huo unapita kwenye kizuia radi kilichofungwa kwenye waya wa ardhini, na bado mawingu yakijikusanya juu ya Loleza tunachomoa waya. Tofauti ni kwamba siku hizi tukichomoa, watoto wanaendelea kusoma na picha zinaendelea kuhifadhiwa. Nakala ya data yote, ikiwa imefungwa kwa siri, iko kwenye diski nyumbani kwa dada yangu Iringa, kwa sababu seva ya nyumbani isiyo na nakala nje ya nyumba ni hatari kuliko kutokuwa na seva.

Hukumu yangu ni hii. Ruta ninaipendekeza kwa nyumba yenye vifaa vichache vya waya. Mwenye ofisi au kompyuta kadhaa za mezani atahitaji kuongeza swichi, na anayetegemea laini ya simu pekee atafute ruta yenye sehemu ya laini inayokubali OpenWrt. Seva ninaipendekeza kwa yule tu aliye tayari kutenga saa moja kila mwezi kwa masahihisho na kuthibitisha kwamba nakala zinafunguka. Asiyekuwa na saa hiyo aishie kwenye ruta na SQM, na atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida.

Jambo la mwisho nililofanya, na ambalo ningetamani ningelifanya siku ya kwanza, ni hili karatasi mnaloliona limebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Limeandikwa kwa mkono wa mke wangu kwa jinsi alivyonielewa, si kwa jinsi nilivyomweleza: kifaa kipi kizimwe kwanza, kipi kiwashwe kwanza, bahasha yenye nywila iko wapi, na ni waya upi uchomolewe mvua ikianza. Mwezi uliopita nilikuwa safarini Tukuyu, umeme ukakatika usiku kucha na betri ikaisha, na asubuhi alivirudisha vyote mwenyewe kwa kulifuata karatasi hilo, mstari kwa mstari, kabla watoto hawajaamka.