Ndoo, dumu na beseni za Mwanjelwa: kipi kiingie nyumba yenye mtoto anayetambaa

Ukiingia kwenye maduka ya plastiki Mwanjelwa au Uyole, jijini Mbeya, muuzaji anakuuliza kwanza, "Ya lita ngapi?" Kwa nyumba yenye mtoto wa miezi saba hadi miaka mitatu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni mdomo wa chombo: upana wake, na kama mfuniko unabana au umelazwa tu juu. Hapa vyombo vinavyouzwa sana Mbeya vinapimwa kwa kigezo hicho kimoja: je, mtoto anaweza kufa maji humo?

Maana maji kidogo yanaua kweli. Kina cha sentimita 5, yaani vidole vitatu vya mtu mzima vikibanwa pamoja, kinatosha kuziba pua na mdomo. Yanayohitajika kuingia mapafuni ni machache zaidi. Mililita 1 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtu zikishavutwa, hewa haipiti vizuri kwenda kwenye damu, kwa sababu maji huharibu ule utando laini unaovizuia vifuko vya mapafu visinywee. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 10 hadi 30. Haizidi vijiko viwili vya chakula.

Tuanze na ndoo ya kawaida ya lita 20, ile ya mfuniko mwepesi wa kulaza. Ndiyo inayonunuliwa kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ukingo wake unamfikia mtoto wa mwaka mmoja tumboni au kifuani. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kwa mwili wake, hivyo akiinama kuchezea maji au kufuata kikombe kilichoelea, kichwa kinatangulia na miguu inaachana na sakafu. Mikono inatafuta pa kushika, inakuta ukuta mlaini uliolowa, inateleza. Watu wengi hudhani ndoo itapinduka na maji yamwagike. Piga hesabu: ndoo iliyojaa ina kilo 20 za maji, mtoto ana kilo 10. Haipinduki. Hata ikiwa nusu, bado ina uzito sawa na wake. Na maji ya kudekia yaliyobaki chini, yale unayosema utayamwaga baadaye, yakifika lita 3 tayari yana kina cha karibu sentimita 5.

Tena hutasikia kitu. Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini mtoto aliyeinamia kwenye ndoo hana nafasi ya kutapatapa, wala hawezi kulia, kwa kuwa kilio kinahitaji hewa na mdomo wake uko ndani ya maji. Hupoteza fahamu ndani ya dakika mbili hivi. Zikipita dakika nne hadi sita bila hewa, ubongo unaanza kuharibika. Ni muda wa kwenda kuanua nguo na kusalimiana na jirani.

Mfuniko wake mwepesi haumzuii. Jaribu dukani: weka vidole viwili chini ya ukingo wa mfuniko usukume juu. Ukiinuka kwa vidole viwili, mtoto ataufungua. Ukiwa umelegea, ni hatari zaidi, maana anauegemea, unazama upande mmoja naye anaufuata.

Ndoo iliyotoka na mafuta ya kula, ya lita 20, ni chombo kingine kabisa. Mfuniko wake una mfereji unaoshika ukingo wa ndoo pande zote. Unaubonyeza kwa kiganja ukizunguka mpaka usikie mlio wa kubana kila upande. Ule utepe wa kiwandani ukishakatwa, mfuniko mzuri bado unabana. Kabla ya kulipa, tia maji kidogo, funga, kisha igeuze chini juu. Matone mawili matatu si neno. Mfuniko ukichomoka, rudisha ndoo. Angalia pia nyufa kwenye mfereji, hasa pale watu wanapochokonoa kwa kisu kufungua. Ufa wa hapo ndio unaoanza kuachia. Ndoo zilizotoka na rangi ya kupaka nyumba zinabana vilevile, ila zisiwekwe maji ya kunywa wala ya kupikia. Kwa ndoo ya kuweka maji sebuleni au bafuni, hii ndiyo tunayoipendekeza.

Kwa maji ya akiba siku za mgao, dumu la lita 20 linashinda vyote. Mdomo wake ni mwembamba, kichwa cha mtoto hakipiti. Kasoro yake ni kuosha ndani na uzito wa kumimina. Wale wanaokata dumu juu ili liwe pana wanaondoa faida yote.

Pipa la lita 200 lililoachwa wazi chini ya bati kukinga mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, halifai bila mfuniko wa kufungwa. Kigoda au tofali lililo karibu nalo ndiyo ngazi ya mtoto.

Beseni la kuogeshea ni la kununua bila wasiwasi, lakini si la kuaminiwa. Kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai watu huongeza maji ili mtoto asitetemeke. Tia ya baridi kwanza, kisha ya moto, pima kwa kiwiko, na kina kisizidi vidole vitatu. Sabuni, taulo na nguo ziwe mkononi kabla hajaingia. Simu ikiita, mtoaji wa mtoto ni wewe: mtoe, mfunike, ndipo upokee. Vile viti vya plastiki vya kumkalishia mtoto akioga, vyenye vikombe vya kunata chini, havishiki kwenye sakafu ya saruji wala beseni lenye mikwaruzo, na mtoto huchomoka chini. Usivinunue.

Ikitokea mtoto amezama, mtoe majini, na usimning'inize miguu juu wala kumbonyeza tumbo ili maji yatoke. Unapoteza sekunde, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu kidogo, mpe pumzi 5, kila moja ikiinua kifua. Asipoonyesha uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha theluthi ya kifua, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na urudie. Mwenzako apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji au atafute gari. Hata akizinduka na kulia, apelekwe hospitali. Kikohozi na pumzi za haraka vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Na ndoo ya mfuniko wa kulaza uliyonayo tayari, ikimaliza kazi igeuzwe kifudifudi, isiachwe wima nje. Mvua moja kubwa, kama zile za Tukuyu, inatosha kuirudishia maji.