Yadi ya magari iliyouza MGB yangu kwa niaba yangu hapa Nakuru

Niliwapelekea MGB ya 1969, kigari cha spoti cha Waingereza, ile ya bampa za kromu kabla kiwanda kilete zile za mpira 1974, nimeifufua miaka mitatu, injini ya cc 1800 na kabureta mbili za kampuni ya SU nimezipanga mpaka ukiwasha inaitika hapo hapo. Picha walipiga poa sana, jioni kule Menengai, hata mimi nikatamani kuinunua tena. Shida ni wale vijana wa mauzo bana. Mteja anauliza kama ni otomatiki eti "ngoja tuangalie", na gia si hiyo hapo mbele yako!

Siku moja nikapita bila kupiga simu, nikakuta kikombe cha chai juu ya boneti, kimeacha duara kwenye rangi yangu ya kijani. Aki nilipandisha. Meneja akaomba radhi, wakapolishi, akanipunguzia komisheni yao kidogo.

Mwishowe akaja mzee mmoja kutoka Eldoret na tochi yake, akalala chini akagonga gonga pale chini ya milango akitafuta kutu, hakusema kitu, akainuka akalipa. Transfa ya umiliki kule NTSA, mamlaka ya usafiri, waliisukuma haraka, hapo nawapa heko. Nyota tatu, na chai mnywee ofisini.