Kikokotoo cha Casio fx-991EX: kinatosha kabisa kwa A-level mpya

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza, mtoto akianza A-level ya hisabati (kozi ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu) mnunulieni hiki mapema. Nafundisha tuisheni hapa Leicester na ndicho ninachowashauri wote.

Zamani mtihani ulikuwa vipande vipande: moduli sita, shule ikijichagulia takwimu, mekanika au hisabati ya maamuzi, na karatasi ya C1 (moduli ya kwanza ya hisabati ya msingi) ilikataza kikokotoo. Tangu Septemba 2017 takwimu na mekanika ni lazima kwa wote, mitihani huja mwishoni mwa kozi, na kikokotoo kinaruhusiwa kila karatasi. Tena lazima kiweze kutoa uwezekano wa bainomia (idadi ya mafanikio katika majaribio kadhaa) na wa mtawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele).

Hiki kinaweza. Bonyeza MENU, kisha 7. Ila Binomial CD, yaani uwezekano wa bainomia uliojumlishwa, huhesabu kuanzia sifuri tu. Ukitaka uwezekano wa mafanikio 8 na kuendelea, tafuta wa 0 hadi 7, halafu chukua 1 upunguze jibu hilo. Vijana wengi hupotezea alama hapo, na inaniuma, maana hesabu yenyewe wanaijua.

Fx-CG50 ya grafu inakubali mipaka yote miwili, wa chini na wa juu, lakini bei yake ni kubwa mno. Kwa mtoto anayechukua Further Maths (A-level ya ziada ya hisabati), hapo ningefikiria.