Vifaa vya Kiayalandi kwa walimu: uzoefu wangu

Nafundisha sayansi katika sekondari ya Kiayalandi huku Galway. Maelezo, ubao, majaribio ya maabara, vyote ni Kiayalandi. Kiingereza kina kipindi chake. Waswahili wenzangu wanaoishi Ayalandi wanazidi kuniuliza kuhusu shule hizi, ama kwa ajili ya watoto wao, ama wao wenyewe wanataka kufundisha. Kwa hiyo naeleza vifaa ambavyo umma unatupatia walimu, kizuri na kibaya.

Ninachokitegemea kuliko vyote ni tearma.ie, hifadhi ya taifa ya istilahi. Ni bure na hakuna kujisajili. Ukitafuta usanisinuru hupewi neno tupu: unaonyeshwa jinsia yake, wingi wake, umbo lake la umilikishi na taaluma linamotumika. Kiayalandi hugeuza nomino mwanzoni na mwishoni kulingana na kazi yake katika sentensi, na mwanafunzi aliyelelewa kwa lugha hiyo hulisikia kosa la mwalimu papo hapo. Pamoja nayo natumia teanglann.ie, yenye kamusi na sauti zilizorekodiwa kwa lahaja tatu: Connacht, Munster na Ulster. Mtoto ambaye bibi yake ni wa Donegal, huko Ulster, anastahili kusikia matamshi ya kwao darasani, si ya Galway peke yake.

Vitabu na vifaa vya kufundishia viko chini ya COGG, baraza la elimu kwa Kiayalandi linalotokana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1998. Pitia orodha yao kabla hujatunga chochote. Kwa maoni yangu walimu wa msingi wamehudumiwa vizuri zaidi kuliko sisi wa sekondari. Mitihani iliyopita ya taifa nayo inapatikana mtandaoni kwa lugha zote mbili, na mimi huitumia sana kuangalia jinsi swali la sayansi linavyoulizwa.

Shida iko kwenye mafunzo kazini. Nimekaa kwenye semina ya walimu wa shule za Kiayalandi ambapo slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, tukaambiwa toleo letu litafuata. Lilipofuata, mada tulikuwa tumeshaifundisha. Katikati hapo kila mwalimu alitafsiri kivyake usiku nyumbani, na dhana moja ikapata majina tofauti kutoka darasa hadi darasa. Anayeumia ni mwanafunzi, kwa sababu mtihani una jina moja tu. Tangu Septemba 2025 tuna mihtasari mipya ya Baiolojia, Kemia na Fizikia kwa madarasa ya juu, kwa hiyo ucheleweshaji wa namna hii sasa unauma zaidi.

Mimi nasema toleo la Kiayalandi litoke siku moja na la Kiingereza, na mkufunzi awe mtu anayeweza kujibu swali la maabara kwa lugha hiyo. Karatasi iliyotafsiriwa haijibu maswali. Sheria ya Lugha Rasmi, iliyorekebishwa mwaka 2021, inataka, ifikapo mwisho wa 2030, angalau asilimia 20 ya waajiriwa wapya wa sekta ya umma wawe wanakijua Kiayalandi. Natamani wakufunzi wa walimu wawe wa kwanza kuhesabiwa humo.

Kwa sensa ya 2022, wanaozungumza Kiayalandi kila siku nje ya shule hawafiki 72,000. Hata hivyo fizikia inafundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo hadi mwisho wa sekondari. Kwetu Tanzania, kwa Kiswahili cha mamilioni, sayansi ya sekondari bado ni Kiingereza. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili kwa moyo wote.

Ukipata kazi katika shule kama yetu, andika barua pepe kabla ya semina uulize vifaa vitakuwa kwa lugha gani, na uyahifadhi majibu. Chombo cha umma kikikiuka wajibu wake wa lugha, malalamiko hupelekwa kwa Coimisinéir Teanga, kamishna wa lugha, na majibu hayo utayahitaji.