Vitabu vya kununua ukijifunza programu peke yako: kipi kwanza, kipi baadaye

Anayejifunza kuandika programu bila chuo huhitaji vitabu vya aina mbili. Kuna kinachomfundisha kazi yenyewe, na kuna kinachomwonyesha jinsi watu wa akili za ajabu walivyojifunza walipokuwa hawana mwalimu. Nimevipanga vitabu hivi kwa kigezo kimoja: msaada wake kwa mtu aliyekwama usiku, peke yake, asiye na wa kumuuliza.

Nafasi ya kwanza naipa The Self-Taught Programmer cha Cory Althoff, kilichotoka 2017. Althoff alisoma sayansi ya siasa chuoni Marekani, akajifunza mwenyewe Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, akaajiriwa na kampuni ya eBay. Kinaanza na Python, lakini nimekiweka juu kwa sababu ya mambo ambayo vitabu vingi vya wanaoanza huyaacha: amri za Bash za kuiagiza kompyuta kwa maandishi, Git ya kutunza matoleo ya programu, miundo ya data (njia za kupanga taarifa) na maandalizi ya usaili wa kazi. Kiingereza chake ni chepesi na sura ni fupi. Ufupi huo ndio udhaifu wake pia, maana mada nyingine zinakwisha ndiyo kwanza zimeanza kukolea. Kwa mazoezi ya kazi za kila siku, kama kusoma mafaili ya Excel na PDF, Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart kinamzidi. Hicho sikukipa nafasi kwa sababu mwandishi amekiweka mtandaoni kisomwe bure. Kisome huko, pesa yako inunue cha Althoff.

Ya pili ni iWoz, ya Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, 2006. Akiwa bado sekondari, Wozniak alikusanya vitabu vya maelezo ya kompyuta za wakati ule na kuzisanifu upya kwenye karatasi, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua vipuri. Alishindana na nafsi yake: mara hii chipu chache kuliko mara iliyopita. Baadaye alipoandika BASIC, lugha ya programu, kwa ajili ya kompyuta ya Apple, aliiandika kwa mkono na kuigeuza mwenyewe kuwa namba za mashine. Kijana anayegombea saa moja ya kompyuta kwenye intaneti kafe, au anayeandika msimbo kwenye daftari kabla ya kufika kwenye mashine, atakuta humu mtu aliyefanya hivyo hivyo na kazi ikatoka.

Ukitaka kukielewa kipaji chenyewe, nafasi ya tatu ni The Man Who Knew Infinity cha Robert Kanigel, 1991. Kwa uandishi, hiki ndicho bora kuliko vyote hapa. Srinivasa Ramanujan alizaliwa 1887 huko Erode, kusini mwa India. Alipokuwa kijana alipata kitabu cha G. S. Carr kilichojaa maelfu ya kanuni za hesabu zenye uthibitisho kidogo sana, akaanza kuzithibitisha mwenyewe. Alihesabu kwenye kibao cha mkononi cha kuandikia kwa chaki kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Akafeli mitihani ya chuo kwa kuyaacha masomo mengine yote. Januari 1913, akiwa karani wa bandari ya Madras kwa mshahara wa paundi 20 kwa mwaka, alimwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka uliofuata Ramanujan mwenyewe alikuwa huko, na 1920 akafariki akiwa na miaka 32. Kanigel haandiki kana kwamba akili ile ilishuka tu kutoka mbinguni. Anaonyesha saa zilizotumika, na anaonyesha pia hasara ya kukosa mtu wa kumwambia ni kipi tayari kimeshagunduliwa na wengine. Anayejisomea yeyote ana hatari hiyo. Ni kitabu kinene, na maisha ya Hardy yamechukua nafasi kubwa, vumilia.

Ya nne, The Boy Who Harnessed the Wind ya William Kamkwamba na Bryan Mealer, 2009, haina mstari hata mmoja wa programu. Mnunulie mdogo wako wa kidato cha pili. Kamkwamba aliacha shule Malawi kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akakuta kitabu cha fizikia kwenye maktaba ndogo, akaanza na michoro kwa sababu Kiingereza kilimshinda, hatimaye akajenga kinu cha upepo kwa dainamo ya baiskeli na feni ya trekta. Alipopanda jukwaani kwenye mkutano wa TED huko Arusha, Juni 2007, alikuwa hajawahi kutumia kompyuta. Angalia jalada kabla ya kulipa: kuna toleo la picha la watoto wadogo na jingine la vijana.

Masters of Doom cha David Kushner, 2003, kinasisimua kuliko vyote, lakini nimekiweka cha tano. John Carmack na John Romero, waliotengeneza mchezo wa kompyuta wa Doom, walikuwa wajuzi kweli, ila msomaji mchanga anaweza kuondoka akiamini kwamba kutolala ndiko kulikomfanya Carmack awe Carmack. Coders at Work cha Peter Seibel, mahojiano 15 na magwiji wa programu kama Ken Thompson na Fran Allen, kisubiri mpaka uwe umeandika programu yako mwenyewe. Kabla ya hapo nusu yake itakupita.

Sasa ununuzi. Vitabu vya maisha ya watu havichakai, kwa hiyo vitafute mitumba bila wasiwasi. Cha kufundishia, duka kama TPH Bookshop pale Samora, Dar es Salaam, au Text Book Centre Nairobi, linaweza kukuagizia. Ukikikuta cha Python barabarani, fungua kurasa za mwanzo utafute neno print: lisipofuatwa na mabano, hicho ni cha Python 2, ambayo iliachwa kuhudumiwa Januari 1, 2020. Kirudishe. Nakala za fotokopi usiziguse kabisa. Katika Python, nafasi mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya amri, na ukurasa uliopigwa upande au kukatwa pembeni unazipoteza. Utaandika kile unachokiona, kompyuta itakataa, na hutajua kosa ni la nani. Kwenye simu ndogo mistari hukatika vilevile, kwa hiyo ukinunua nakala ya kielektroniki isomee kwenye kompyuta, au ulaze simu ubavu.