Mitetemo ya mashine ngazi ya pili: usome darasani au mtandaoni?

Mafundi wa Dodoma wanaotaka kupanda ngazi hii ya cheti cha kupima na kuchambua mitetemo ya mashine huulizana sana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 18436-2 kinadai saa 38 za mafunzo na uzoefu wa miezi 18, na njia zote mbili zinaweza kukufikisha kwenye mtihani.

Kwa gharama, mtandaoni kunashinda bila ubishi: hakuna nauli wala gesti, na somo gumu unalirudia utakavyo. Ila uwe na bando la uhakika na nidhamu ya kusoma baada ya zamu.

Darasani kunashinda kwenye mikono. Chukua pampu ya kisima cha maji kama vile vya Mzakwe, mota ikizunguka mara 1,480 kwa dakika. Kwenye grafu ya mitetemo, kilele kirefu kwenye hezi 24.7 (yaani mizunguko hiyo kwa sekunde) huashiria rota, sehemu inayozunguka, isiyo na balansi. Kikijitokeza maradufu ya hapo, shuku shafti za mota na pampu hazijakaa mstari mmoja. Lakini bolti za msingi zilizolegea nazo huleta vilele hivyohivyo, na bila kulinganisha fezi (mtetemo wa sehemu moja unatangulia au unachelewa kiasi gani kuliko wa nyingine) utabadilisha bure beringi isiyo na kasoro. Kufuta rangi na grisi kabla ya kubandika sensa, kisha kuona namba ya mtetemo ikishuka unapokaza bolti moja: hilo nalithamini kuliko slaidi yoyote.

Kama karakana yenu ina kifaa cha kupimia na fundi mkuu wa kukukosoa, mtandaoni kunatosha. Ukiwa peke yako kwenye kiwanda cha alizeti Singida, na kifaa hakijanunuliwa, mwombe mwajiri akulipie darasa.